Kufundisha Kona za Kushambulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kocha mwenye saa chache za mazoezi kwa wiki, asiye na msaidizi wa kushughulikia mipira iliyokufa (kona, faulo na penalti) peke yake, na ambaye angependa kona za timu yake ziwe na mpango badala ya kutupwa tu mbele ya goli. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: kona ni makubaliano kuhusu mahali mpira utakapoanguka, na kazi ya kila mchezaji mwingine ni kumwezesha mwenzake mmoja afike hapo kabla ya beki.

Je, inafaa kutumia muda wa mazoezi kwa kona, ilhali nyingi hazizai goli?

Inafaa, mradi kocha ajue anachotarajia. Katika ligi kubwa za kulipwa, kona zinazozaa goli ni takriban tatu au nne tu kwa kila mia, kwa hiyo anayedhani kwamba kila kona ni nusu ya goli atakata tamaa mapema. Hata hivyo, hesabu hiyo inachanganya kona zilizopangwa na zile zilizopigwa ovyo, na mechi ngumu mara nyingi huamuliwa na goli moja. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 1999, Manchester United walikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Bayern Munich hadi dakika za nyongeza, kisha kona mbili za David Beckham zikazaa magoli ya Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær. Hispania ya mwaka 2010, iliyosifika kwa pasi fupi fupi kuliko timu yoyote ya wakati wake, iliingia fainali ya Kombe la Dunia kwa kichwa cha beki Carles Puyol kutokana na kona ya Xavi. Timu inayojua kuchonga kona ina mlango wa ziada siku ambayo milango mingine yote imefungwa.

Kocha anapaswa kuzijua sheria zipi kabla ya kupanga chochote?

Ajue kwanza kwamba mchezaji hawezi kuhesabiwa ameotea anapoupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona. Hiyo ndiyo sababu wachezaji huweza kusimama karibu kabisa na mstari wa goli bila wasiwasi. Ruhusa hiyo huisha mara tu mchezaji mwingine wa timu ileile anapougusa mpira, na hapo ndipo timu nyingi hujikwaa. Mpigaji wa kona fupi anayerudishiwa mpira akiwa bado amesimama kwenye kibendera mara nyingi huwa ameotea, kwa sababu yuko karibu na mstari wa goli kuliko mpira wenyewe na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa.

Wapinzani wanatakiwa kukaa umbali usiopungua mita 9.15 kutoka kwenye robo duara ya kona hadi mpira uingie mchezoni, na mpira huingia mchezoni unapopigwa na kusogea kwa namna inayoonekana, hata kama haujatoka ndani ya robo duara hiyo. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena kabla ya mchezaji mwingine kuugusa. Goli la moja kwa moja kutoka kwenye kona linakubalika tangu mwaka 1924. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Cesáreo Onzari wa Argentina alifunga goli la namna hiyo dhidi ya Uruguay, na ndiyo maana nchi za Amerika Kusini hadi leo huliita goli la Olimpiki, kwa kuwa Uruguay walikuwa mabingwa wa Olimpiki.

Jambo moja ambalo wachezaji hulisahau ni kwamba kusukumana kunakotokea kabla kona haijapigwa hakuwezi kuleta penalti wala faulo, kwa sababu mpira haujaingia mchezoni. Mwamuzi anaweza kuonya au kutoa kadi, kisha kona ikapigwa. Mchezaji wako akishikwa jezi mapema, asijiangushe. Amwonyeshe mwamuzi, kisha aendelee na kazi yake.

Nianzie wapi: mikimbio au mpigaji?

Anza na mpigaji, na usimwache mpaka umridhie. Mbinu yoyote yenye mikimbio minne na vizuizi viwili vya kuwakinga mabeki njia haina maana ikiwa mpira unakatwa na beki wa kwanza aliyesimama upande wa mlingoti wa goli ulio karibu na mpigaji, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika ngazi zote za mchezo. Kabla sijamwita mchezaji mwingine yeyote mazoezini, mimi humwekea mpigaji alama nne zinazofanya mraba wa kama mita mbili mahali tunapotaka mpira uanguke, na mtu mmoja akinyoosha mikono mahali ambapo beki wa kwanza atakuwa. Mpigaji anapiga mipira kumi. Ikiwa isiyopungua sita inampita mtu huyo na kushuka ndani ya mraba kwa kimo cha kichwa, tunaendelea. Isipofika sita, tunabaki hapohapo, hata kama wengine wanalalamika kwamba wamesimama bila kazi.

Mpigaji huyo awe na hatua zilezile za kuufuata mpira kila mara, kwa sababu wenzake watazitumia kama saa ya kuanzia mbio zao. Afanye mazoezi akiwa bado mbichi na pia akiwa amechoka, maana kona ya dakika ya themanini na tano hupigwa na miguu tofauti na ile ya dakika ya tano. Uwe pia na mpigaji wa pili aliyeandaliwa kwa uzito uleule, kwa kuwa wa kwanza anaweza kutolewa, kuumia, au kuwa ndiye mpiga vichwa bora uliye naye.

Kona ijipinde kuingia langoni au kutoka nje?

Mpira wa mguu wa kulia unaopigwa kutoka upande wa kushoto wa timu inayoshambulia hujipinda kuelekea golini, na wa mguu wa kushoto kutoka upande huohuo hujipinda kulikimbia goli. Mpira unaoingia una faida kwamba tayari unaelekea wavuni, hivyo mguso mdogo wa mtu yeyote, hata wa beki mwenyewe, unaweza kuwa goli, na kipa hulazimika kuamua akiwa amebanwa na watu. Hasara yake ni kwamba ukizidi sentimita chache tu, kipa anaudaka na kuanzisha shambulizi la kushtukiza. Mpira unaotoka humweka kipa mbali na kumruhusu mpiga kichwa aukute akiwa anakimbia, kwa hiyo kichwa kinakuwa na nguvu, lakini umbali wa kufunga unaongezeka na ustadi unaohitajika ni mkubwa zaidi.

Kwa timu nyingi ninapendekeza mpira unaoingia. Huhitaji mpiga vichwa wa kipekee ili ukunufaishe.

Mpira uanguke wapi?

Kuna mahali patatu panapostahili kufikiriwa. Pa kwanza ni mbele ya mlingoti wa karibu, ambapo mpira hufika haraka na mabeki hupata muda mfupi wa kujipanga upya. Samuel Umtiti aliifungia Ufaransa hapo katika nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2018 dhidi ya Ubelgiji, kwa kona ya Antoine Griezmann. Mahali hapo panafaa pia kwa mchezaji wa kuuparaza mpira kwa kichwa uende nyuma yake, ilimradi awepo mwenzake anayeusubiri. Pa pili ni katikati, kwenye mstari wa eneo dogo la goli, ambapo nafasi ya kufunga ni kubwa lakini mabeki hujaa. Pa tatu ni nyuma ya mlingoti wa mbali, ambapo beki aliyekuwa akiutazama mpira hupoteza mtu wake. Mpira huo hukaa hewani muda mrefu na mpira uliokaa hewani humpa kipa nafasi ya kuujia, kwa hiyo mara nyingi ni bora kuurudisha katikati kwa kichwa kuliko kujaribu kufunga kutoka pembe finyu.

Chagua pamoja na mchezaji wako bora wa kichwa mahali ambapo yeye hupenda kuukuta mpira, kisha ujenge mbinu ya kwanza kuanzia hapo. Kocha anayeanza kwa kuchora mishale ubaoni, kisha akatafuta watu wa kuijaza, huwa amegeuza kazi.

Mikimbio ipangweje, na kila mmoja aanze lini?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake hutofautisha timu iliyofundishwa na timu iliyoambiwa tu.

Kwenye uwanja wenye upana wa mita 68, umbali kutoka kibendera cha kona hadi katikati ya goli ni mita 34, na mpira uliopigwa vizuri huchukua kati ya sekunde moja na nusu na mbili kufika. Katika muda huo mchezaji anayeanza kutoka kusimama hukimbia mita saba au nane hivi. Kwa hiyo anayelengwa aanzie umbali huo kutoka mahali mpira utakapoanguka, na aanze mbio zake mpigaji anapoweka mguu wa mwisho chini kabla ya kupiga. Akianza mapema atafika na kusubiri, na mchezaji anayesubiri mpira akiwa amesimama huruka chini kuliko anayefika akikimbia. Akichelewa atauona mpira ukipita. Wachezaji wengi huanza mapema kwa sababu ya hamu, na dawa yake ni kurudia, siku baada ya siku, wakimtazama mpigaji badala ya kuutazama mpira.

Kazi za waliomo kwenye eneo la adhabu zigawanywe kwa majina. Mmoja ndiye mlengwa. Mwingine anakimbia kabla yake kidogo kuelekea mlingoti wa karibu, akiwa na dhamira ya kweli ya kuufikia mpira, ili beki wa hapo amfuate na kuiacha nafasi wazi. Mbio za uongo zinazofanywa kwa uvivu hazimdanganyi mtu. Mmoja anakaa karibu na kipa. Mmoja anakinga njia ya beki anayemkaba mlengwa. Mmoja anazunguka kwenda mlingoti wa mbali kwa ajili ya mpira uliopita wote, na mmoja anabaki ukingoni mwa eneo la adhabu kuokota mpira uliookolewa vibaya.

Mahali pa kuanzia pana umuhimu sawa na mahali pa kumalizia. Uingereza ya Gareth Southgate katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 ilikuwa ikipanga wachezaji wake katika mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wakatawanyika kila mtu upande wake. Aliyebanwa kati ya wenzake hawezi kushikwa na beki wake, na beki huyo hajui mtu wake atatokea upande gani. Kati ya magoli 12 ya timu hiyo katika mashindano hayo, tisa yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo.

Kumkinga beki njia kunaruhusiwa kwa kiasi gani?

Sheria inamtambua kila mchezaji kuwa na haki ya mahali aliposimama, na inatofautisha kuwa katika njia ya mpinzani na kuingia katika njia yake. Mchezaji wako anayefika mapema, akasimama mikono ikiwa karibu na mwili, kisha beki akamgonga akiwa mbioni kumfuata mlengwa, hajatenda kosa. Anayesogea upande ili amgonge beki, au anayemkumbatia, ametenda kosa. Asipomgusa, adhabu ni mkwaju usio wa moja kwa moja, na akimgusa ni mkwaju wa moja kwa moja, na goli lako zuri litafutwa.

Fundisha jambo hili kwa maneno mawili: fika, simama. Kizuizi kizuri kinachukua nusu sekunde tu, na nusu sekunde inatosha. Ninapinga kwa moyo wote makocha wanaowafundisha vijana kuvuta jezi kwa siri. Wanawafundisha kutegemea jicho la mwamuzi kuwa bovu, na siku jicho hilo likiwa zima hawana mbinu nyingine.

Na kusimama mbele ya kipa je?

Kanuni ni ileile: anaruhusiwa kusimama, haruhusiwi kusogea ili amzuie kipa kuufuata mpira wala kumshika mkono. Lililo la hatari zaidi ni lile linalotokea baada ya mguso wa kwanza. Mpira ukitolewa nje ya eneo la adhabu na mwenzake akapiga shuti, mchezaji aliyebaki mbele ya kipa anaweza kuhesabiwa ameotea na kumziba kipa macho, na goli likakataliwa. Mpira ukishapita eneo lake, atoke nje mara moja pamoja na safu ya mabeki inayopanda.

Mbinu ibadilike kulingana na jinsi wapinzani wanavyolinda?

Ndiyo, na hili linaweza kusomwa katika kona ya kwanza ya mechi. Wanaokaba mtu kwa mtu husumbuliwa na vizuizi, mistari na mikimbio inayokatana, kwa sababu beki lazima amfuate mtu kupitia msongamano. Wanaolinda kwa kanda, kila mlinzi akiwa na eneo lake, hawamfuati mtu, hivyo kuwakinga njia si muhimu sana. Wao husumbuliwa wachezaji wawili wanapovamia kanda ya mlinzi mmoja, na hasa mlengwa anapofika kwa kasi ilhali mlinzi anaruka akiwa amesimama. Timu nyingi huchanganya: watatu au wanne katika kanda mbele ya goli, wengine wakikaba watu hatari. Tafuta yupi amepewa kumkaba mpiga vichwa wako bora na yupi ndiye mfupi kuliko wote kwenye kanda, kisha wakutanishe.

Kona fupi ina faida gani?

Inawatoa mabeki mahali walipopazoea na kubadilisha pembe ya krosi. Wakituma mtu mmoja tu kuja kuizuia, nyinyi ni wawili dhidi ya mmoja. Wakituma wawili, ndani wamepungua. Ipigwe haraka, na mpigaji atoke kwenye mstari wa goli mara baada ya kupasia, kwa sababu ya kuotea niliyoeleza juu. Nisingeifanya kuwa mbinu kuu, ila ni dawa nzuri dhidi ya timu yenye mabeki warefu.

Haraka ya aina nyingine ni kupiga kabla wapinzani hawajajipanga. Mwezi Mei mwaka 2019, Trent Alexander-Arnold alijifanya anaondoka kwenye kibendera, akageuka na kumpigia Divock Origi mpira wa chini, na Liverpool wakapata goli la nne dhidi ya Barcelona ambao hawakuwa wakitazama. Waruhusu wachezaji wako kufikiri hivyo, hata kama uliagiza mbinu nyingine.

Wabaki wangapi nyuma?

Wawe wengi kwa mtu mmoja kuliko washambuliaji walioachwa mbele na wapinzani: wakiacha mmoja, wabaki wawili, wakiacha wawili, wabaki watatu. Anayesimama ukingoni mwa eneo la adhabu ni mlinzi pia, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuuwahi mpira uliotolewa, na timu inayouwahi mpira huo huweza kushambulia mara ya pili kabla wapinzani hawajapumua. Mpe nafasi hiyo mchezaji anayesoma mchezo, usimpe yule aliyebaki tu bila kazi.

Timu iwe na mbinu ngapi?

Tatu zinatosha: moja ya mlingoti wa karibu, moja ya katikati au mbali, na moja fupi. Zote zianze kwa mpangilio uleule ili mpinzani asizitambue. Ishara iwe rahisi, kwa mfano mkono mmoja, mikono miwili, au kuugusa mpira kwa kiganja, na itolewe na mpigaji baada ya kila mtu kufika mahali pake.

Mazoezi yenyewe yaendeje?

Tenga dakika ishirini mara moja kwa wiki, na dakika kumi siku moja kabla ya mechi. Anza bila mabeki, ukishughulikia saa ya mbio peke yake, kisha weka mabeki waliosimama, kisha mabeki wanaocheza kwa nguvu zote. Hatua hii ya mwisho isirukwe. Kila kona iendelee hadi mpira utoke au goli lifungwe, ili wachezaji wazoee mpira wa pili, yaani ule unaobaki baada ya mguso wa kwanza, na kurudi nyuma. Idadi ya vichwa vya nguvu iwe ndogo: zoezi la mikimbio linaweza kufanywa kwa kuudaka mpira kwa mikono, na kichwa kikaachwa kwa marudio machache ya mwisho.

Vipi kuhusu watoto?

Fuata mwongozo wa chama chako cha soka. Marekani tangu mwaka 2015 imezuia kupiga mpira kwa kichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini, na Uingereza mwaka 2020 ilitoa mwongozo wa kutofundisha vichwa mazoezini kwa watoto wa shule za msingi. Katika umri huo fundisha kona fupi na mpira wa chini unaorudishwa ukingoni mwa eneo la adhabu. Watoto hujifunza hapo kuhusu nafasi na wakati, na vichwa vitakuja baadaye.

Timu yangu ina wachezaji wafupi. Nifanye nini?

Katika goli lile la mwaka 2010, Puyol hakuwa mrefu kuliko mabeki wa Ujerumani aliowaruka, ila alifika akiwa katika kasi ilhali wao walikuwa wamesimama. Lenga mlingoti wa karibu kwa mpira wa kasi na wa kimo cha chini, tumia kona fupi, na umpeleke mtu ukingoni mwa eneo la adhabu kwa shuti.

Nitajuaje kama kazi inazaa matunda, ikiwa magoli ni machache?

Usihesabu magoli peke yake. Mpe msaidizi au mchezaji wa akiba karatasi na aandike mambo matatu kwa kila kona: kama mpira ulimpita beki wa kwanza, nani aliugusa mara ya kwanza, na nani aliuwahi mpira wa pili. Baada ya kona thelathini au arobaini utaona mahali penye tatizo. Ikiwa mpira haumpiti beki wa kwanza, rudi kwa mpigaji. Ikiwa unampita lakini wapinzani ndio wanaougusa, shughulikia saa ya mbio na vizuizi. Na ikiwa watu wako wanaugusa kwanza mara kwa mara bila kufunga, usibadilishe chochote kwa sasa, ila umsogeze mlengwa hatua moja karibu na goli na uendelee kuhesabu.